Marais wanapopigiana simu wakati wa vita: nani anaandika, nani anasikiliza

SWALI. Msomaji wetu wa Kigoma anauliza: "Goma ilipoanguka Januari 2025, kila siku redio ilisema rais huyu kampigia yule. Kesho yake huyu anasema tulikubaliana hivi, yule anakana. Simu hizi hupigwaje? Ndiyo ile simu nyekundu tunayoisikia? Hakuna anayerekodi? Na kweli simu moja inaweza kusimamisha vita?"

JIBU. Nianze na hiyo simu nyekundu, maana imepotosha watu wengi. Kati ya Washington na Moscow haijawahi kuwepo. Kilichoanza kazi tarehe 30 Agosti 1963 kilikuwa teleprinta: mtu anachapa upande huu, karatasi inatoka imechapwa upande wa pili. Simu ya sauti ingewezekana kwa teknolojia ya siku zile, lakini makubaliano yaliyosainiwa Geneva tarehe 20 Juni mwaka huo yalitaka maandishi. Mtu mwenye hasira akitamka neno, limeshatoka. Akiandika, kuna msaidizi wa kulisoma kabla halijaenda, na anayepokea ana nafasi ya kulitafsiri vizuri kabla ya kujibu.

Walijifunza hivyo kwa machungu. Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti yakiwa Cuba na vita vya nyuklia vikiwa mlangoni, barua ya kiongozi wa Kisovieti Khrushchev ya tarehe 26 ilichukua karibu saa 12 hadi kupokelewa yote na kutafsiriwa. Ubalozi wa Kisovieti mjini Washington ukitaka kutuma telegramu kwao uliita kampuni ya Western Union, na kijana akaja na baiskeli kuichukua. Tarehe 28, Khrushchev alipoamua kuyaondoa makombora, jibu lake lilisomwa Radio Moscow ili lisikwame njiani.

Laini ya 1963 ilipita London, Copenhagen, Stockholm na Helsinki, na redio ya akiba ilipitia Tangier. Kila upande uliandika kwa lugha yake, kazi ya kutafsiri akaachiwa mpokeaji. Ujumbe ulifumbwa kwa ukanda wa karatasi uliotobolewa matundu bila mpangilio wowote, unaotumika mara moja tu kisha unateketezwa. Kila nchi ilitengeneza kanda zake na kuzifikisha kwa mwenzake kupitia ubalozi wake, hivyo hakuna aliyelazimika kufunua mitambo yake ya siri. Kila saa, usiku na mchana, laini ilijaribiwa: saa za namba shufwa Wamarekani, za witiri Wasovieti. Na bado iliwahi kukatika kwa sababu ya mkulima wa Finland aliyekuwa akilima shamba lake juu ya waya. Baadaye zikaja setilaiti, faksi, halafu barua pepe. Sauti haikuwekwa.

Manufaa ya karatasi yalionekana Juni 1967, katika Vita vya Siku Sita kati ya Israel na majirani zake Waarabu. Tarehe 8 Israel iliishambulia USS Liberty, meli ya kijasusi ya Marekani, na ndege za kivita za Marekani zikaamriwa kwenda huko. Rais Johnson alimwandikia Waziri Mkuu wa Kisovieti Kosygin papo hapo kwamba ndege hizo zinakwenda kuiangalia meli, basi. Bila ujumbe ule, Wasovieti wangeona ndege zikielekea uwanja wa vita na kujitafsiria wenyewe. Siku mbili baadaye Kosygin akaandika kwamba Israel isipoacha mashambulizi, Moscow itachukua hatua zinazohitajika, zikiwemo za kijeshi. Llewellyn Thompson, balozi wa Marekani mjini Moscow ambaye siku hizo alikuwa Washington, alirudi kwenye karatasi ya Kirusi kuhakikisha kwamba neno "kijeshi" limo kweli, halikuongezwa na mfasiri. Lilikuwemo. Ndipo wakapanga la kufanya: jibu la utulivu kwa Kosygin, na meli za Kikosi cha Sita cha wanamaji wa Marekani zikageuzwa kusogea upande wa Syria. Kuangalia neno moja mara ya pili, vita vikiendelea, kunawezekana kwa sababu neno limelala mezani. Kwenye simu neno hupita na upepo, na ukimwambia rais mwenzako "hebu rudia ulivyosema", swali lenyewe linageuka kuwa ugomvi.

Sasa tuje kwenye simu ulizozisikia redioni, zile za sauti. Hizi huanza saa au siku kadhaa kabla ya kengele kulia. Ofisi ya rais mmoja, au ubalozi wake, huomba simu kwa ofisi ya pili. Wanakubaliana saa, na hapa makosa ya majira hutokea sana, hasa baina ya nchi zinazobadili saa kiangazi na zisizobadili. Wanakubaliana lugha, mkalimani wa nani atafsiri lipi, na muda. Wataalamu wa eneo husika humwandalia rais karatasi fupi: mambo ya kusema, mambo ya kutogusa hata akichokozwa, na majibu ya maswali yanayotarajiwa. Halafu linakuja jambo linaloonekana dogo ila hugombaniwa kweli: nani atangulie kwenye laini. Hakuna msaidizi anayetaka bosi wake akae na simu sikioni akimsubiri mwingine. Kwa kawaida wasaidizi wa pande zote mbili huunganisha kwanza, wanathibitishana kwamba wakubwa wako tayari, kisha wanawaingiza kwa pamoja.

Mkalimani anayetafsiri kwa zamu hula nusu ya muda. Simu ya dakika 30 ina dakika 15 za maneno, ukitoa salamu na pole labda 10. Ndiyo maana anayejua kazi hii hampi rais wake hoja 12. Anampa 3, na ile ya lazima inatangulia. Kwetu ukanda huu kuna tofauti ya kupendeza: viongozi wawili wanaosikilizana kwa Kiswahili hawahitaji mkalimani, na wanaokoa muda mwingi. Lakini wanapoteza vitu viwili, ule utulivu wa kusubiri tafsiri ambao humpa mtu nafasi ya kufikiri, na daftari la mkalimani, ambalo mara nyingi ndilo kumbukumbu nzuri kuliko zote.

Kuhusu kurekodi. Baada ya kanda za Nixon kumng'oa madarakani mwaka 1974, Ikulu ya Marekani haina tena desturi ya kurekodi sauti za rais kwenye simu hizi. Maofisa wa zamu katika Situation Room, kitengo cha Ikulu hiyo kinachokesha saa 24, husikiliza na kuandika wakisaidiwa na programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi. Mtaalamu wa nchi husika kutoka Baraza la Usalama la Taifa naye husikiliza, kisha hurekebisha rasimu: majina yaliyokosewa, maneno yaliyorukwa. Karatasi ya simu ya Trump na Zelensky ya tarehe 25 Julai 2019, iliyotolewa hadharani miezi miwili baadaye, inasema yenyewe chini ya ukurasa wa kwanza kwamba si nakala ya neno kwa neno. Enzi za Kissinger, Waziri wa Mambo ya Nje wa Nixon, makatibu wake walisikiliza kwenye simu ya pembeni na kupiga chapa. Kwa njia hiyo ndiyo tunajua kwamba usiku wa tarehe 11 Oktoba 1973, katikati ya vita vya Mashariki ya Kati, Waziri Mkuu Heath wa Uingereza aliomba kuzungumza na Nixon, naye Kissinger akamwambia msaidizi wake kwamba rais amelewa. Simu ikaahirishwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, wapo wanaoandika, tena pande zote mbili. Tatizo ni kwamba kila upande una karatasi yake, na hakuna karatasi moja iliyosomwa na kukubaliwa na wote. Hapo ndipo lilipozaliwa lile la Goma.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23, wanaodaiwa kusaidiwa na Rwanda, walipouteka mji huo wa mashariki mwa Kongo, wanajeshi zaidi ya 10 wa Afrika Kusini waliuawa katika mapigano ya siku zile. Rais Ramaphosa wa Afrika Kusini na Rais Kagame wa Rwanda walizungumza kwa simu mara mbili wiki hiyo. Waziri wa Ulinzi wa Afrika Kusini, Angie Motshekga, akaeleza hadharani kwamba rais wake aliwaonya waliokuwa wakifyatua: wakiendelea, Afrika Kusini itahesabu kuwa imetangaziwa vita. Kagame akajibu kwenye mtandao wa X kwamba yaliyosemwa kuhusu mazungumzo yao yamepotoshwa. Kwamba Ramaphosa hakutoa onyo lolote, labda kama alilitoa kwa lugha ya kwao ambayo yeye Kagame haielewi. Na kwamba alichoombwa ni kusaidia kikosi cha Afrika Kusini kipate umeme, chakula na maji. Simwamulii yeyote. Angalia tu ubishi umesimama wapi: juu ya neno moja, onyo, kama lile "kijeshi" la 1967. Safari hii hakukuwa na karatasi moja ya wote ya kurudia. Kama jambo lina uzito wa vita, simu ipigwe kwa ajili ya sauti na heshima, na saa hiyohiyo barua fupi yenye maneno yaleyale ipelekwe na balozi. Ukurasa mmoja unatosha. Nimeshangaa siku zote jinsi hatua hii rahisi inavyorukwa.

Usalama wa laini una hadithi ndefu. Nitagusa yaliyo muhimu. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941 Jenerali Marshall, mkuu wa Jeshi la Marekani, alikuwa Washington na simu yenye kifaa cha kuvuruga sauti, na onyo la kupeleka Hawaii. Hakuiamini simu ile, akatuma maandishi. Redio ya jeshi haikushika, ujumbe ukaenda kama telegramu ya biashara, ukafika Honolulu saa 1:33 asubuhi ya huko. Mabomu ya Wajapani yalianza Pearl Harbor, kituo cha wanamaji wa Marekani huko Hawaii, saa 1:55, na tarishi wa pikipiki alikuwa bado hajaufikisha. Cha kusikitisha ni kwamba Marshall hakukosea kuishuku simu: tangu 1942 Wajerumani, wakiwa na kituo chao Uholanzi, waliweza kuifumbua laini hiyo ya kuvuruga sauti iliyovuka Atlantiki. Kwa shaka kama hiyo, Julai 1943 ukaja mtambo wa SIGSALY kati ya Washington na London, wenye uzito wa takriban tani 55. Upande wa London uliwekwa chini ya duka la Selfridges, Oxford Street. Ufunguo wake ulikuwa santuri za kelele tupu, pacha, moja huku na moja kule, zikizungushwa kwa pamoja bila kupishana. Kila moja ilitosha dakika kama 12, kisha haikutumika tena.

Leo mtambo wenyewe ni mdogo na fumbo lake ni imara sana. Kinachovuja ni mtu. Machi 2024 vyombo vya habari vya Urusi vilitoa sauti ya maofisa wa jeshi la anga la Ujerumani wakijadili makombora ya Taurus. Walikuwa kwenye Webex, programu ya mikutano ya mtandaoni, na mmoja wao, kwa maelezo ya Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani, alijiunga akiwa hotelini Singapore kwa njia isiyoruhusiwa. Mmoja akiingia kwa mlango mbovu, walio ndani wote wamevuliwa nguo.

Hatari nyingine, na kwangu ndiyo kubwa kuliko kunaswa, ni mtu asiye yeye. Novemba 2008, siku za shambulio la Mumbai, mtu alipiga simu Islamabad akijiita Pranab Mukherjee, Waziri wa Mambo ya Nje wa India, akaunganishwa hadi kwa Rais Zardari wa Pakistan na kumtishia vita. Jeshi la anga la Pakistan likawekwa katika hali ya tahadhari. Condoleezza Rice, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, ilimbidi amtafute Mukherjee halisi usiku kumwuliza, naye akasema hakupiga simu hiyo. Nchi mbili zenye silaha za nyuklia! Septemba 2023 Waziri Mkuu Meloni wa Italia naye alizungumza na watani wa Kirusi akidhani anaongea na kiongozi wa Umoja wa Afrika. Dawa haihitaji mtambo wowote. Simu ikiingia bila miadi, msaidizi anashukuru, anakata, anapiga mwenyewe kwa namba iliyo kwenye daftari la ofisi yake, si namba aliyotajiwa na mpigaji wala iliyojitokeza kwenye kioo. Na ubalozi unathibitisha. Mambo huharibika kwa sababu moja: msaidizi anaogopa kumsubirisha mkubwa. Mkubwa wa kweli hukubali kupigiwa tena.

Kwenye maamuzi ya vita vyenyewe, mfano ninaoutumia ni wa tarehe 27 Februari 1991. Majeshi yaliyoongozwa na Marekani yalikuwa yakisonga Kuwait na kusini mwa Iraq tangu saa 10 alfajiri ya tarehe 24. Jenerali Schwarzkopf, kamanda wa majeshi hayo, alikuwa Riyadh, Saudi Arabia, ambako saa ni sawa na za kwenu Kigoma; Washington ilikuwa nyuma kwa saa 8. Jenerali Powell, mkuu wa majeshi, akiwa ofisini kwa Rais Bush, alichukua simu ya siri ya pale, akampigia Schwarzkopf: tukisimamisha, una kipingamizi? Hakuwa nacho. Bush akatangaza kwamba mapigano yatasimama saa 6 usiku ya Washington, ambayo ni saa 2 asubuhi ya tarehe 28 Riyadh. Ukihesabu ni saa 100 kamili.

Aliulizwa mtu sahihi, kwa laini salama, akajibu kwa unyoofu. Kilichokuwa na kasoro ni ramani. Sehemu kubwa ya vifaru vya Walinzi wa Jamhuri wa Saddam ilikuwa bado na upenyo wa kukimbilia Basra. Schwarzkopf akaichagua Safwan kuwa mahali pa kukutana na majenerali wa Iraq akiamini askari wake wameshaishika, kumbe hawako. Kikosi kikatumwa baada ya mapigano kusimama kuwafukuza Wairaki kwa vitisho. Simu hubeba hitimisho la mtu, haibebi ramani aliyoitazama wala haisemi taarifa iliyochorwa juu yake ina saa ngapi. Sauti ya jenerali aliye na uhakika humfanya kila mtu chumbani awe na uhakika. Kwa hiyo anayeuliza kwa simu asiishie kwenye "una kipingamizi?". Aulize pia: kikosi chako cha mbele kabisa kiko wapi, nani amekiona, na ameripoti saa ngapi? Maswali hayo matatu huchukua dakika moja.

Je, simu inaweza kusimamisha vita? Inaweza, kama anayepiga ana kitu mkononi ambacho anayepigiwa hawezi kukikosa, na kama majeshi bado yanaitikia amri. Tarehe 12 Agosti 1982 Israel ilikuwa ikiipiga Beirut kwa mabomu. Rais Reagan wa Marekani alimpigia Waziri Mkuu Begin wa Israel kwa maneno makali. Kwa mujibu wa shajara ya Reagan, dakika 20 baadaye Begin alipiga kumwarifu kwamba ameamuru mashambulizi yakome. Silaha na msaada wa Marekani havikuhitaji kutajwa. Linganisha na tarehe 1 Aprili mwaka huohuo: Reagan alimtafuta Galtieri, mtawala wa kijeshi wa Argentina, kwa saa kadhaa, akampata jioni, wakazungumza kama dakika 50 kupitia mkalimani. Meli zilikuwa zimeshaondoka, na kesho yake Waargentina wakashuka visiwa vya Falkland vilivyo chini ya Uingereza. Simu ilikuwa ndefu kuliko ile ya Begin na haikubadili kitu.

Ipo na ya jirani zako. Tarehe 28 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiwa yameenea Rwanda, Prudence Bushnell, ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani aliyekuja baadaye kuwa balozi Nairobi, alimpigia Kanali Bagosora wa Wizara ya Ulinzi ya Rwanda akimtaka mauaji yakome na warudi kwenye mkataba wa amani wa Arusha. Alisema yaliyopaswa kusemwa. Lakini nyuma yake serikali yake haikuwa tayari kutuma askari wala kulitamka neno mauaji ya kimbari, na aliyekuwa upande wa pili wa laini alilijua hilo. Watu waliendelea kuchinjwa.

La mwisho, kwa kuwa utaendelea kusikia taarifa za simu hizi redioni: usisome taarifa moja. Tafuta zote mbili, ziweke sambamba. Chukua mazungumzo ya Rubio, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, na Kagame ya tarehe 28 Januari 2025. Upande wa Marekani ulisema umefadhaishwa sana na kuanguka kwa Goma, ukataka mapigano yasitishwe mara moja na mipaka ya nchi iheshimiwe. Kagame aliandika kwamba mazungumzo yalikuwa na tija, kuhusu kusitisha mapigano na kushughulikia kiini cha mgogoro. Kusitisha mapigano kumo kote kuwili, kwa hiyo hilo lilizungumzwa. Mipaka imo kwa mmoja tu, kiini cha mgogoro kimo kwa mwingine tu, na ubishi wa wiki zilizofuata ulikuwa hapo hapo. Angalia pia vitenzi: "alisisitiza" mara nyingi maana yake alisema na mwenzake hakukubali; "walikubaliana" ni zito, na kama limeandikwa na upande mmoja pekee, subiri upande wa pili uandike nao kabla hujamwambia mtu kwamba vita vimekwisha.